Pua Si Mizani

Watu wengi wafanyao kazi katika viwanda na karakana huziamini mno pua zao. Mtu aingiapo asubuhi mahali panapopakwa magari rangi, au panapotiwa soli za viatu gundi, husikia harufu kali, naye husema, "Leo hewa ni mbaya." Baada ya nusu saa haisikii tena harufu ile, naye husema, "Sasa hewa imetengenea." Kumbe hewa haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni pua yake, ambayo imechoka kwa kunusa kitu kile kile, ikaacha kumpa habari.

Jambo hili yafaa lifikiriwe sana na kila mtu afanyaye kazi penye mvuke, moshi au vumbi la madawa, na zaidi na kila mwajiri mwenye watu chini yake. Kila siku katika nchi yetu watu hufungua madebe ya thina, hunyunyizia maua dawa za kuua wadudu, huosha vyuma kwa maji makali, huchomelea mabati, wala hawana njia ya kujua ni kiasi gani cha sumu kiingiacho vifuani mwao ila kwa kunusa. Na kunusa si kupima. Hakuna mwenye duka akubaliye kupimiwa sukari kwa kukisia kwa mkono, hutaka mizani. Je, pumzi ya mtu ina thamani ndogo kuliko ratili ya sukari?

Pua hukosea kwa njia tatu, na yafaa msomaji azijue zote.

Kwanza, kuna hewa za sumu zisizo na harufu kabisa. Mfano wake ni kaboni monoksaidi, itokayo katika jiko la makaa na katika injini ya gari. Watu wengi wamelala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke, wala hawakusikia lolote. Pili, kuna hewa yenye harufu ambayo ikizidi huinyamazisha pua yenyewe. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ipatikanayo katika mashimo ya choo na katika mitaro ya maji machafu. Ikiwa kidogo, hunuka kama yai viza. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, huidhoofisha nguvu ya kunusa, na mtu hudhani kwamba hatari imepita, kumbe ndipo inapoanza. Kwa sababu hii mara kwa mara husikika habari ya mtu aliyeshuka shimoni asipande, na ndugu yake aliyemfuata kumwokoa akafa pia. Tatu, kuna hewa ambayo harufu yake haisikiki mpaka iwe imepita kiwango cha salama mara nyingi sana. Na hiyo ya tatu ndiyo yenye kisa kikubwa kuliko zote.

Kabla ya kufika kwenye kisa hicho, yafaa kukumbuka kwamba wachimbaji wa makaa ya mawe kule Uingereza walijifunza zamani kutoziamini pua zao. Mwaka wa 1896 mgodi mmoja wa Tylorstown, katika nchi ya Wales, ulilipuka, na watu 57 wakafa. Mtaalamu John Scott Haldane alipoichunguza miili yao aliona kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko, bali na hewa ya kaboni monoksaidi iliyobaki baadaye. Akashauri ya kwamba wachimbaji wachukue wanyama au ndege wadogo chini ya ardhi, maana kiumbe mdogo huvuta pumzi upesi, na sumu humshika kabla ya kumshika mtu. Basi wachimbaji wakachukua ndege aitwaye kanari katika tundu. Ndege akianguka, watu hukimbia. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi, na katika mwaka wa 1986 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba ndege hao watapumzishwa, mahali pao pashikwe na vyombo.

Ndege yule alikuwa na faida, lakini alikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Aliweza kumwonya mtu juu ya sumu iuayo kwa dakika chache. Hakuweza kumwonya juu ya sumu iuayo kwa miaka 20. Na viwanda vya siku hizi vina sumu nyingi za namna hii ya pili.

Sasa ndicho kisa chenyewe. Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, nchini Marekani, palikuwa na kiwanda cha kampuni ya B.F. Goodrich kilichotengeneza plastiki ya PVC. Hii ndiyo plastiki ambayo kwayo hufanywa mabomba ya maji, nyaya za umeme huvishwa, na vitu vingi vya nyumbani hutengenezwa. Plastiki hiyo hutokana na gesi iitwayo vinili kloridi. Gesi hutiwa katika matangi makubwa yaliyofungwa, ikapikwa mpaka ikawa unga. Kila upishi ulipokwisha, ukoko mgumu ulibaki katika kuta za tangi, kama ubakiavyo ukoko wa ugali chunguni. Wafanya kazi waliingia ndani ya tangi wakaubandua kwa patasi na nyundo, na gesi iliyobaki ikiwa bado imo ndani.

Watu wale hawakusikia harufu iliyowatisha. Vinili kloridi ina harufu tamu kidogo, nayo haisikiki mpaka ifike kiasi cha sehemu 3,000 katika milioni. Waliohisi kitu walihisi kizunguzungu tu, mfano wa mtu aliyekunywa pombe, na walipotoka nje wakapunga hewa kizunguzungu kiliondoka. Kwa hiyo kiwango kilichoruhusiwa wakati ule kilikuwa sehemu 500 katika milioni. Kiwango hicho kilitazama hasa kile kizunguzungu. Wakuu walifikiri kwamba ikiwa mtu halewi, basi mtu yu salama.

Dalili za kwanza hazikukosekana. Katika miaka ya 1960 ilionekana katika viwanda vya namna ile ya kwamba baadhi ya wasafishaji wa matangi walikuwa wakiumwa vidole, na picha za eksirei zikaonyesha kwamba mifupa ya ncha za vidole vyao ilikuwa ikiyeyuka. Kule Italia, mwaka wa 1970, daktari Pier Luigi Viola alieleza kwamba panya waliovutishwa gesi hiyo kwa wingi walipata saratani. Mwenzake Cesare Maltoni, wa mji wa Bologna, akajaribu tena kwa kiasi kidogo zaidi, akaona saratani ya ini kwa panya waliovuta sehemu 250 tu katika milioni, yaani nusu ya kiwango walichoruhusiwa watu. Habari hiyo ilifika kwa makampuni mwaka wa 1973, kabla ya wafanya kazi wenyewe kuisikia.

Hatimaye daktari wa kiwanda cha Louisville, John Creech, aliona jambo la ajabu. Mfanya kazi mmoja alikufa kwa saratani ya mishipa ya damu ya ini, iitwayo angiosakoma. Ugonjwa huo ni wa nadra sana. Daktari aweza kufanya kazi maisha yake yote asiuone hata mara moja. Naye akakumbuka kwamba mtu mwingine wa kiwanda kile kile alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule ule. Walipofungua mafaili ya nyuma wakampata wa tatu. Mwezi wa Januari 1974 kampuni ikatangaza habari hiyo hadharani, na baada ya hapo viwanda vingine, vya Marekani na vya nchi nyingine, vikaanza kutazama katika mafaili yao, navyo vikaona wafu wao.

Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Watu wale walikuwa wameifanya kazi ile miaka mingi. Walikuwa na afya, walicheza na watoto wao, walipokea mishahara yao kila juma. Mtu angaliwauliza kama hewa ya tangini ni mbaya, wengi wangalijibu kwamba wameizoea. Ugonjwa ulikuwa umepandwa ndani yao kimya kimya, na mavuno yake yalikuja baada ya miaka mingi, hata kwa mtu aliyekwisha hamishwa kwenda kazi nyingine. Ndiyo maana neno lile lisemwalo na manyapara wengi, "Tumefanya hivi miaka kumi wala hakuna aliyekufa," si neno la kutegemea. Kikulacho ki nguoni mwako, na chengine ki ndani ya pumzi yako.

Serikali ya Marekani ilifanya haraka. Mwezi wa Aprili 1974 kiwango kilishushwa kutoka 500 hadi 50. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikatolewa amri ya kukishusha hadi sehemu 1 katika milioni, kwa wastani wa saa 8 za kazi, wala kisizidi 5 katika robo saa yoyote. Wenye viwanda walilalamika sana. Walisema ya kwamba jambo hilo haliwezekani, na ya kwamba viwanda vitafungwa na watu watakosa kazi. Wakapeleka shauri mahakamani, wakashindwa mwanzoni mwa mwaka wa 1975. Kisha wakatafuta akili: wakaziba mahali palipovuja, wakabuni njia ya kuosha matangi kwa maji yenye nguvu pasipo mtu kuingia, wakaikusanya gesi iliyokuwa ikipotea wakaitumia tena. Viwanda havikufa. Kumbe iliyokuwa ikipotea hewani ilikuwa ni mali yao wenyewe.

Lakini amri ya kusema "sehemu 1 katika milioni" ingekuwa maneno matupu kama hapangekuwa na njia ya kuipima. Basi sehemu 1 katika milioni ni kitu gani? Msomaji na afikirie sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Ndani yake mna sentimita za ujazo milioni moja. Sehemu 1 katika milioni ni sentimita moja tu ya ujazo ya gesi iliyotapakaa ndani ya sanduku lile zima. Kijiko cha chai huchukua sentimita kama 5. Hakuna jicho wala pua iwezayo kuhesabu kiasi hicho, ila chombo chaweza.

Namna ya kupima si ya uchawi, na mtu yeyote aliyesoma aweza kuifahamu. Zamani wapimaji waliweka chombo katikati ya chumba, juu ya meza au karibu na mlango. Mwaka wa 1960 wataalamu wawili wa Uingereza, Sherwood na Greenhalgh, waliandika juu ya pampu ndogo ya betri ambayo mfanya kazi aweza kuivaa mwilini mwake siku nzima. Ikaonekana ya kwamba chombo kilichovaliwa na mtu na chombo kilichowekwa chumbani havitoi jibu moja, na mara nyingi kile cha mtu huonyesha zaidi. Sababu yake ni dhahiri. Chombo cha mezani hakiinami juu ya debe, wala hakiingii ndani ya tangi. Mtu ndiye afanyaye hayo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: hupimwa hewa aivutayo mtu, si hewa ya nyumba. Chombo hufungwa karibu na ukosi wa shati, kisiwe mbali na pua na kinywa kupita sentimita 30 hivi.

Kwa mivuke mingi kama ile ya rangi na gundi, chombo hicho ni mrija mwembamba wa kioo wenye urefu kama wa kidole, nao umejazwa chembe za makaa. Makaa hayo hufanywa kwa vifuu vya nazi, vile vile ambavyo watu wa pwani huvitupa jikoni au huvichoma. Vikitengenezwa kwa moto mkali, makaa yake huwa na vitundu vingi visivyoonekana, navyo huushika mvuke kama sifongo ishikavyo maji. Pampu ndogo iliyo kiunoni huvuta hewa polepole kupitia mrija ule. Ikivuta sehemu ya kumi ya lita kwa kila dakika, katika saa 8 itakuwa imevuta lita 48. Jioni mrija hufungwa, huandikwa namba, hupelekwa maabara, na huko mvuke ulioshikwa hutolewa katika makaa ukapimwa. Kiasi kilichopatikana kikigawanywa kwa lita zilizovutwa, jibu hupatikana.

Ndani ya mrija makaa hugawanywa mafungu mawili, la mbele kubwa na la nyuma dogo. Kazi ya fungu la nyuma ni ushahidi. Likionekana lina mvuke mwingi, maana yake ni kwamba fungu la mbele lilijaa likafurika, na kipimo kile hakifai, sharti kirudiwe. Kadhalika mwendo wa pampu hupimwa kabla ya kazi na baada ya kazi, maana pampu iliyochoka njiani hudanganya. Na mrija mmoja hufunguliwa na kufungwa bila kuvutiwa hewa, ukapelekwa maabara pamoja na mingine, ili ijulikane kama uchafu uliingia safarini. Mambo hayo yote ni mfano wa karani mwema ahesabuye fedha mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Viko vyombo vingine pia. Kuna beji ndogo isiyohitaji pampu, ambayo mvuke huingia wenyewe. Kuna mirija ibadilikayo rangi pale pale, yafaayo kwa kuuliza swali la haraka. Na kuna vyombo vya umeme vipigavyo kelele hatari inapotokea. Hivyo ndivyo vifaavyo kabla ya mtu kushuka shimoni au tangini, maana huko hakuna nafasi ya kungoja jibu la maabara.

Baada ya kupima huja hesabu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kuna mvuke ambao kiwango chake cha saa 8 ni sehemu 50 katika milioni. Mpaka rangi mmoja hufanya kazi ya kunyunyiza kwa saa 2 penye sehemu 160. Husugua na kupanga vitu kwa saa 5 penye sehemu 20. Na saa 1 hukaa nje akila, penye 0. Mara mbili 160 ni 320. Mara tano 20 ni 100. Jumla ni 420. Ukigawanya kwa 8, jibu ni 52 na nusu. Mtu huyu amepita kiwango. Lakini kama mpimaji angalifika saa ya kusugua, akapima dakika kumi, akaandika 20, mwajiri angalilala usingizi mzuri juu ya habari ya uongo. Tena hata kama wastani ungalikuwa chini ya 50, zile saa 2 za kunyunyiza zingalitaka kutazamwa peke yake, kwa sababu madawa mengi yana kiwango cha robo saa pia, kama kilivyowekwa kwa vinili kloridi.

Hapa yafaa kusema kweli juu ya makosa yafanywayo na watu, si na vyombo. Kuna wenye viwanda ambao, wakisikia kwamba mpimaji anakuja kesho, hufungua milango yote, huwasha mapangaboi yote, na hupunguza kazi nusu. Siku ile hewa huwa kama ya mlimani, na mpimaji akiisha kwenda, milango hufungwa. Huyo hakumdanganya mpimaji. Amejidanganya mwenyewe, na daftari lake ni la bure. Tena kuna wafanya kazi ambao huona uzito wa pampu kiunoni, wakaivua na kuitundika msumarini nje ya chumba mpaka saa ya kutoka. Huyo naye amepima hewa ya msumari. Siku ya kupima na iwe siku ya kawaida, kwa kazi ya kawaida, na afadhali iwe siku ya kazi nzito kuliko siku ya kazi nyepesi.

Na hesabu ikisha patikana, ifanyweje? Hapa ndipo wengi hukosea. Hukimbilia kununua vifuniko vya pua, wakawagawia watu, wakaona wamemaliza. Kifuniko kina kazi yake, lakini ni ngao ya mwisho, si ya kwanza. Kifuniko cha kitambaa huzuia vumbi tu na hakizuii mvuke hata kidogo. Kifuniko chenye makaa huzuia mvuke, lakini makaa yake hujaa, na yakijaa hayasemi. Kwanza na iulizwe: je, dawa hii yaweza kuachwa, ikatumiwa nyingine isiyo na sumu? Kama haiwezekani, je, yaweza kufungiwa ndani ya mtambo, isifike kwa mtu? Kama haiwezekani, je, hewa yaweza kuvutwa na feni pale pale inapotokea, kabla ya kufika puani? Kisha ndipo mambo ya zamu na vifuniko. Na baada ya kila tengenezo sharti hewa ipimwe tena, maana feni ivumayo kwa kelele si lazima ivute kitu.

Nchini Kenya mambo haya hayakuachiwa huruma ya mwajiri. Mwaka wa 2007 Sheria ya Usalama na Afya Kazini ilichukua mahali pa Sheria ya Viwanda ya zamani, na mwaka huo huo zikatolewa kanuni juu ya vitu vya hatari, zenye orodha ya viwango vya mwisho vya madawa hewani. Sheria hiyo yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na yataka kila mahali pa kazi pakaguliwe kila baada ya miezi 12. Basi mfanya kazi aliye katika kamati hiyo asikae kimya kama mgeni harusini. Na aulize maswali manne: Je, hewa yetu imepimwa? Ilipimwa mwilini mwa nani, naye alikuwa akifanya kazi gani? Jibu lilikuwa ngapi, na kiwango ni ngapi? Na baada ya jibu hilo kulibadilishwa nini? Kuuliza hivyo si ukaidi. Kule Marekani sheria humpa mfanya kazi ruhusa ya kutazama hewa yake ikipimwa, na kupewa majibu yake.

Mwajiri naye asidhani kwamba jambo hili ni hasara tupu. Mfanya kazi mwenye ujuzi akiugua, ujuzi wake waenda naye. Na mvuke upoteao hewani ulinunuliwa kwa fedha, kama walivyogundua wenye viwanda vya plastiki walipolazimishwa kuziba mianya. Lakini hata kama pasingekuwa na faida ya senti moja, mtu aliyemwajiri mwenziwe amenunua kazi ya mikono yake kwa saa 8. Hakununua mapafu yake, wala ini lake, wala miaka yake ya uzeeni.

Limebaki neno moja, nalo ni neno la daftari. Wafu wa Louisville walitambulikana kwa sababu daktari mmoja alikumbuka, na kwa sababu mafaili yalikuwapo ya kufunguliwa. Kama majina ya watu na kazi zao yangalikuwa yametupwa, watu wale wangalizikwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa ugonjwa wake, wala hakuna ambaye angaliwaunganisha. Hii ndiyo sababu sheria za Marekani hutaka hesabu za hewa ya kazini zihifadhiwe miaka 30. Mtu avutaye mvuke leo akiwa kijana wa miaka 25 huenda akahitaji ushahidi wa siku ya leo akiwa mzee wa miaka 50, wakati nyapara wake amekwisha kufa na karakana yenyewe imekwisha kubomolewa.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya mali. Lakini pumzi ya mtu ni mali kuliko mali zote alizo nazo, nayo hupotea kidogo kidogo, saa kwa saa, pasipo sauti wala harufu. Basi na ipimwe, na iandikwe, na kilichoandikwa kifanyiwe kazi.